Kompyuta ya Hilux niliyoinunua Gerezani ni nzima, lakini duka lile silirudii

Kompyuta ya injini niliyouziwa, yaani kisanduku cha umeme kinachoiongoza injini, inafanya kazi, na ninaliandika hilo mwanzoni kabisa ili mtu asije akasema kwamba ninaichafua bidhaa kwa sababu ya hasira. Hasira ninayo, na ni kubwa, lakini haitokani na kile kisanduku cha alumini. Inatokana na aliyeniuzia, katika duka moja la vipuri vilivyotumika huko Gerezani, Dar es Salaam, ambalo jina lake silitaji.

Gari lenyewe ni Toyota Hilux ya mwaka 2008, injini ya 1KD, dizeli ya lita 3, lililoingia nchini likiwa limeshatumika Uingereza. Kazi yake ni kubeba karoti na kabichi kutoka Mgeta hadi Morogoro mjini, na kwa barabara ile ya milima mtu hawezi kuishi na gari linalozima likishapata moto. Wakati wa masika lilianza mchezo huo. Mwanzoni lilikuwa likipoa linawaka, baadaye likagoma kabisa. Stata ilizungusha vizuri, ila ukifungua swichi, taa ya injini kwenye dashibodi haikuwaka hata kidogo, na fundi wangu alisema palepale kwamba taa ile isipowaka kabla ya kupiga stata, ama kompyuta haipati umeme ama yenyewe imekufa.

Ninaomba nieleze jinsi alivyopima, kwa sababu hiyo ndiyo kazi iliyotukanwa baadaye. Alianza na betri, akakuta volti 12.6. Akapima fyuzi na rilei kuu, akafungua na kusafisha nyaya za hasi pale zinapofungwa kwenye injini na kwenye bodi. Kisha akatafuta zile volti 5 ambazo kompyuta huzipeleka kwenye sensa, vile vifaa vidogo vinavyoipa taarifa za injini, na hazikuwapo. Mtu mwenye haraka angeishia hapo na kukuambia ukanunue kompyuta. Yeye aliendelea kuchomoa sensa moja baada ya nyingine, kwa kuwa sensa moja iliyopiga shoti inaweza kuzimeza volti hizo zote na kompyuta ikasingiziwa bure. Zote zilipokwisha kuchomolewa na volti bado hazijarudi, ndipo alipofungua nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria, ambako kompyuta ya gari hili hukaa, na tukakuta maji. Mpira wa kioo cha mbele ulikuwa umechoka, mvua ilikuwa ikichuruzika kwenye kona na kushuka hadi ndani, na tulipofungua kisanduku tuliona bodi ya saketi imeota kutu ya kijani na njia zake nyembamba za shaba zimeliwa. Mzee huyu ana zaidi ya miaka 60 na alianza ufundi kwenye Land Rover 109, gari lisilo na kompyuta yoyote. Alichokifanya siku ile ni kazi ya mtu aliyejifunza bila kuacha.

Nilipanda treni ya SGR na kompyuta mbovu mkononi, nikashuka Dar es Salaam na kuingia madukani. Katika duka hilo alikuwapo kijana mmoja nyuma ya meza ambaye hakuitikia salamu yangu, na hilo nililisamehe kwa kuwa watu walikuwa wengi. Nilimwonyesha namba iliyobandikwa kwenye kisanduku, ile inayoanza na 89661-0K, kwa sababu fundi alikuwa amenionya nisikubali yenye namba tofauti hata kama umbo ni lilelile. Akaleta moja iliyotumika, namba ikawa ileile, tukapatana shilingi 850,000. Kabla ya kulipa nilimuuliza waziwazi kama kuna kitu kingine chochote kinachohitajika ili gari liwake, nikamweleza kwamba ufunguo wa gari langu ni wa kielektroniki. Jibu lake lilikuwa: “Unachomeka tu, mzee, linawaka.” Nilipewa karatasi iliyoandikwa kwa mkono, si risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na chini yake ulikuwa umechapwa ule mstari wa siku zote, “Mali ikishauzwa hairudishwi.”

Halikuwaka. Taa ya injini sasa ilikuwa inawaka vizuri, volti 5 zilikuwa zimerudi kwenye sensa, stata ilizungusha, lakini injini haikushika, na taa ndogo nyekundu ya ulinzi kwenye dashibodi ilikuwa ikiwaka na kuzima bila kukoma. Nikarudi Dar es Salaam.

Ninayoyaandika sasa ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Nilimweleza kijana yule kwa upole kilichotokea, naye bila kukishika kile kisanduku, bila kukipima, bila kuuliza taa gani inawaka, akasema: “Mmeiunguza.” Nilimwomba azungumze na fundi mwenyewe, nikapiga simu na kuweka sauti ya nje. Mzee wa watu alianza kwa kumsalimu na kumuulizia hali ya kazi, kisha akaanza kueleza alivyopima. Hakuruhusiwa kumaliza sentensi ya pili. “Wewe unaunguza vitu vya watu halafu unanipigia simu? Rudi kwenye baiskeli.” Alisema hivyo mbele ya wateja wengine, kwa mtu anayeweza kuwa baba yake mkubwa, na baadhi ya wateja wakacheka. Fundi alinyamaza kidogo, akasema “Haya, mwanangu,” na simu ikakatwa. Kurudishiwa fedha nilikataliwa, kubadilishiwa nilikataliwa, na hata kuichomeka kwenye gari lolote mbele yangu ili tuone kama kweli imeungua nilikataliwa.

Jawabu lilipatikana Morogoro. Fundi wangu alimwita binti mmoja fundi umeme wa magari pale Msamvu, ambaye alisikiliza maelezo, akaitazama taa nyekundu, na kutueleza jambo zima akiwa bado amesimama. Magari haya yana kisanduku cha imobilaiza ambacho husoma chipu iliyo ndani ya ufunguo na kisha kuwasiliana na kompyuta ya injini kwa neno la siri. Kompyuta iliyotoka kwenye gari jingine inalijua neno la gari lile, kwa hiyo inakataa kupeleka mafuta. Katika Toyota nyingi za miaka ile unaunganisha kwa waya tundu namba 4 na namba 13 kwenye soketi ya kupimia iliyo chini ya usukani, unafungua swichi bila kupiga stata, unasubiri nusu saa, na vile visanduku viwili vinapatana. Alifanya hivyo kwa kipande cha waya. Gari likawaka kwa mara ya kwanza tangu lipaki.

Hakuishia hapo, na kwa hili ninamshukuru kwa moyo wote. Alisafisha juu ya nozeli zote nne zinazopulizia injini mafuta, akasoma msimbo mrefu uliochapwa kwenye kila moja, akauingiza kwenye kompyuta kwa mashine yake, akisema kwamba msimbo wa nozeli za gari ambako kompyuta ilitoka ukibaki ndani, kiasi cha mafuta kitakosewa na injini itagonga na kutoa moshi. Ni kweli ilikuwa inagonga, na baada ya hapo ikatulia. Alinitoza shilingi 60,000, na kama angetaja mara mbili ya hizo ningempa.

Kwa hiyo kompyuta ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza na hakuna aliyeunguza chochote. Mtu anayeuza visanduku hivi kila siku alipaswa kusema sentensi moja tu: tafuta fundi aipatanishe na imobilaiza. Ama hakuijua, na basi anauza asichokijua kwa bei ya mamia ya maelfu, ama aliijua na hakutaka kuisema. Kuhusu ule mstari wa mali kutorudishwa, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema kwamba mnunuzi akimjulisha muuzaji matumizi ya kitu na kutegemea ujuzi wake, kitu hicho kinapaswa kufaa kwa matumizi hayo, na masuala ya mlaji anayepotoshwa yanasimamiwa na Tume ya Ushindani chini ya sheria ya mwaka 2003. Nilikuwa nimemjulisha, tena nilimuuliza.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimekusudia kutoa alama 3 kati ya 5, kwa kuwa namba ilikuwa sahihi, bei haikuwa mbaya, na gari linapanda Mgeta na mzigo wake hadi leo. Ukiwa na fundi anayejua kupatanisha, kompyuta iliyotumika yenye namba ileile ni chaguo linalofaa, na silikatai. Lakini kila nikifika kwenye ile simu naona alama 3 ni dhuluma kwa mzee yule, na hata 2 ni nyingi. Ninatoa 1.

Namba ya fundi niliiandika nyuma ya ile karatasi ya mauzo na kuiacha juu ya meza ya duka. Kijana akimpigia na kumwomba radhi, nitairudisha alama kuwa 3 siku hiyohiyo. Asipompigia, inabaki 1, na vipuri vyangu nitavinunua kwingine hata kwa bei ya juu.