Dumu la mafuta, ndoo ya rangi au mifuko ya jinzi: kipi kimetusaidia kupanga vitu vya watoto?

Habari zenu ndugu zangu, karibuni. Hiki mnachokiona mkononi mwangu ni dumu la mafuta ya kupikia, lile la njano la lita 5. Nimelikata, na kwa miezi hii michache limenipunguzia kelele za asubuhi kuliko kitu chochote nilichowahi kununua.

Sisi tuko sita, chumba na sebule, watoto wanne wote wanasoma. Saa 11 na nusu alfajiri mmoja anatafuta soksi, mwingine analia kiatu cha kushoto hakionekani, wa tatu anauliza, "Mama, mkanda wangu uko wapi?" Tangu shule zifunguliwe Januari nimejaribu vyombo vinne, karibu vyote vilikuwa humu ndani au jirani alikuwa anavitupa. Leo nawaambia kipi kimekaa na kipi kimenishinda.

Tuanze na dumu. Sogea karibu uone nilivyokata. Sijalikata juu lote. Nimeanzia chini ya mdomo, nikashuka upande wa mbele mpaka nusu, mkono wa dumu nikauacha. Kwa hiyo mbele pako wazi, na mtoto anashika mkono anabeba kama kikapu. Ndani vinaingia hivi: viatu vya shule vimesimama, soksi zimekunjwa ndani ya kiatu, mkanda umezungushwa pembeni. Kila mtoto ana lake, na jina lake nimeliandika kwa kalamu ya wino usiofutika. Yule mkubwa miguu imeshakua, yeye nimemkatia dumu la lita 10.

Ukingo huu mweusi ni kipande cha mpira wa kumwagilia. Nimeupasua kwa urefu nikaupachika kwenye ukingo, maana plastiki iliyokatwa inachana vidole vya mtoto. Usiruke hatua hii, nakuomba. Na usipashe kisu motoni kama wengi wanavyofanya. Kinapita haraka kweli, lakini ule moshi unauvuta wewe na mwanao mgongoni. Tumia msumeno wa chuma, halafu piga msasa.

Kuliosha ndiyo kazi. Mafuta yakibaki, yanakamata vumbi na kuita sisimizi. Kabla ya kukata weka maji ya moto yasiyochemka, sabuni ya unga na gao la mchanga, funga, tikisa mpaka mkono uchoke. Mwaga, rudia mara mbili, anika.

Geuza kitako pia. Utaona pembetatu ya mishale na namba katikati. Langu lina 2. Plastiki hiyo ni ngumu, inavumilia kubebwa na kuangushwa. Chupa za maji ya kunywa zina 1, zile ni nyepesi, ukizikata zinabonyea, sizipendekezi kwa viatu.

Jambo moja liliniumiza. Dumu la pili nililinunua kwa muuza madumu yaliyotumika, akaniambia lilikuwa la mafuta ya kula. Nililiosha siku tatu. Binti yangu akaweka soksi, akarudi shuleni anasema wenzake wamemwambia ananuka mafuta ya taa. Alikuwa karibu kulia. Kwa hiyo, nunua dumu ulilomwaga mafuta mwenyewe, au fungua mdomo unuse kabla hujatoa hela. Lililowahi kubeba dawa ya shambani usilitumie kwa kitu chochote cha nyumbani, hata ukilichemsha.

Ndoo ya rangi ya lita 20 nilidhani ndiyo itashinda. Kubwa, imara, ina mkono wa waya. Tukaweka mipira na njumu za vijana. Tatizo ni kifuniko. Mtoto aliyetoka kucheza hafungui kifuniko kigumu, anatupa njumu juu yake. Na zile zilizofungiwa zikiwa na unyevu ziliota ukungu ndani ya wiki. Nikatoa kifuniko, nikaitoboa kitako matundu manane, nikaiweka barazani. Matundu hayo ni lazima, hasa kipindi cha masika. Dar es Salaam tumeugua dengi, 2014 na tena 2019, na mbu wake hutaga kwenye maji yaliyotuama katika vyombo kama hivi, halafu anauma mchana. Na mwenye mtoto anayetambaa anajua: akiinamia ndoo yenye maji akatumbukia kichwa, hawezi kujitoa. Ikitobolewa haituamishi maji. Naipa 6 kati ya 10.

Kreti la soda lenye vyumba 24 nilijaribu kwa soksi. Linavutia kwa macho, lakini vyumba ni vidogo, na kreti si langu, limewekewa dhamana. Nimelirudisha dukani.

Hii mifuko ya jinzi hapa nyuma ya mlango ndiyo nakaribia kuipenda sawa na dumu. Suruali tatu za jinzi zilizochakaa magoti, fundi cherehani amekata mifuko ya nyuma akaishona juu ya kitenge kikuukuu, mifuko sita. Chaja, rimoti, tochi, mkasi, funguo, kadi ya kliniki ya mdogo wao. Sisi wapangaji hatupigi misumari ovyo, kwa hiyo nimeshonesha vitanzi viwili vinavyoning'inia kwenye komeo. Umeme ukikatika usiku, mkono unakwenda moja kwa moja kwenye tochi, mfuko wa juu kulia. Ina udhaifu mmoja: ukiweka kitu kizito kitenge kinavutika. Nane kati ya 10.

Dumu nalipa 9. Alama moja nimeibakiza kwa sababu ya kuosha. Jana usiku nimepita nikakuta manne yamepangwa ukutani, viatu vyote vinane ndani, na sijamkumbusha mtu.