TAHADHARI: Muuza valvu za amplifaya anayetuma mizigo kwa basi, Mbeya, Iringa na Njombe

Wakuu, habari za baridi. Tunaosikiliza muziki kwa amplifaya za valvu (vile vioo vya kukuza sauti vya enzi za kabla ya transista) huku nyanda za juu kusini tuko wachache na karibu wote tunajuana, ndiyo maana naona aibu kuandika hili. Heri niaibike. Kuna jamaa anauza valvu "za zamani, za Uingereza, hazijatumika" na kuzituma kwa basi. Mimi ameshanipiga 340,000.

Nina amplifaya ya Leak Stereo 20. Niliinunua Mufindi kwa mzee aliyeachiwa na meneja wa shamba la chai, ikiwa imekaa miaka stoo juu ya magunia. Mashine za aina hiyo zilianza kutoka mwishoni mwa miaka ya 1950, wati 10 tu kila upande, wati ambazo vijana wa sabufa wanazicheka. Waje kwangu Uyole usiku wa Julai, wakae mbele ya gitaa la dansi ya zamani likitoka humo, vioo vikiwaka rangi ya chungwa, halafu wacheke tena. Ndani inakaa EL84 nne za kusukuma spika, ECC83 tatu za kukuza sauti ikiwa bado ndogo, na GZ34 moja ya kugeuza umeme. EL84 zangu zilishachoka, besi imelegea na upande mmoja unakoroma. ECC83 nazo sikuziamini. Nikaanza kutafuta.

Tangazo lake lilikuwa na picha nane, safi mno. Valvu za Mullard za kiwanda cha Blackburn, Uingereza, na maboksi yake, zimepangwa juu ya zulia la bluu na rula pembeni. Nilimwomba picha moja tu ya chini ya kioo, aweke na karatasi yenye tarehe ya siku hiyo. Akasema kamera ya simu imepasuka. Hapo ndipo ningeishia. Badala yake akanipigia: "Braza, kuna mtu wa Songea anazitaka, na basi linaondoka saa tisa." Nilipotaka kutuma hela, jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke, siyo lile alilojitambulisha. Mama watoto alikuwa pembeni, akaliona kabla yangu. "Huyu ni nani?" Nikamjibu labda ni mkewe. Nikabonyeza namba ya siri.

Mzigo ulifika kweli kesho yake asubuhi, stendi ya Nane Nane. Huyu si wa kukutumia boksi la mchanga. Anatuma valvu zenye maandishi, na zinawaka.

Nikazipeleka Mwanjelwa kwa mzee mmoja, fundi redio tangu redio zenyewe zilipokuwa za valvu. Hakuzichomeka. Alichukua ECC83 ya kwanza, akaiweka nje ya mlango ipoe, akaipumulia "haa" kama anayesafisha miwani, akaigeuza kwenye mwanga. Chini ya maandishi meupe ya ECC83 kikatokea kivuli cha maandishi mengine yaliyofutwa: ECC82. Akanipa nami nipumulie. Kikaja tena, kikakaa sekunde mbili, kikapotea pamoja na mvuke.

Kwa asiyejua: zote mbili zina miguu tisa iliyopangwa vilevile, zinaingia soketi ileile. Ila ECC83 kwa kipimo cha kiwandani hukuza mara 100, na ECC82 haifiki 20. Ukiichomeka pasipo pake huoni moshi wala husikii mlio. Upande mmoja unakosa uhai tu, na wewe unalaumu spika, unalaumu santuri, unamlaumu hata aliyeimba.

Ya pili ilikuwa nyeupe kama maziwa kichwani, pale panapotakiwa kung'aa kama kioo cha kujitazamia. Hiyo imeingiza hewa, ni maiti. Ya tatu nzima, lakini mpya ya China.

EL84 aliziuza kwamba zimepimwa zikalingana, kila moja imebandikwa kikaratasi cha "48", yaani miliampia. Fundi alizichomeka kwenye amplifaya yake ya majaribio, volti 300, mita mkononi. Ya kwanza ilivuta miliampia 24, zilizofuata 31 na 33, ya mwisho 46 na bado inapanda. Piga hesabu: 300 mara 0.046 ni karibu wati 14, na bamba la EL84, kile chuma cha ndani ya kioo, mwisho wake ni 12. Tukazima taa ya kibanda. Ubavuni bamba lilishaanza kuiva, jekundu kama kaa la moto lililopulizwa. Akachomoa waya haraka. "Ungeiacha hivi kwenye ile yako, mwanangu, ungezika transfoma ya spika."

Nilimpigia yule bwana. Kwanza akasema pole. Kisha: "Umeme wenu wa Mbeya unapanda na kushuka, umeziunguza mwenyewe." Umeme wetu naujua vizuri, lakini sijawahi kuuona ukifuta ECC82 na kuandika ECC83. Nilipomtumia picha, akanibloki.

Sasa, mtu akikuletea Mullard, rangi ya maandishi isikudanganye. Yale ya zamani ya kweli mengi hufutika hata kwa kidole, kwa hiyo yakiwa meupe pee na yamegoma kufutika, shtuka. Angalia chini ya kioo, karibu na miguu, kuna mistari miwili midogo ya herufi na tarakimu. Kwa Blackburn, mstari wa chini huanza na B, kisha tarakimu ya mwisho ya mwaka, herufi ya mwezi, na wiki. Telefunken, zile za Ujerumani, nyingi za miguu tisa zina alama ya almasi kwenye kioo chenyewe, katikati ya miguu. Zangu zote saba hazikuwa na kitu. Na unayeanza, usiingize bisibisi ndani ya amplifaya eti uhakiki mwenyewe. Kapasita hubaki na mamia ya volti hata ukishachomoa waya ukutani.

Mimi sasa nachukua JJ mpya za Slovakia. Tofauti ya Mullard halisi ipo, nimeisikia kwa fundi, hasa kwenye sauti za waimbaji, lakini si ya kumlipa mtu usiyemwona. Mwambie mkutane kwa fundi, zipimwe, ulipe palepale.

Nimechukua RB polisi, na namba yake nimeituma 15040, ya kuripoti matapeli wa simu. Jina silitaji kwa sababu ana matatu na nadhani hakuna lake hata moja. Mtamjua kwa kamera mbovu, basi la saa tisa na mteja wa Songea. Wakati ananiuzia alisema yuko Mafinga. Leo asubuhi tangazo limerudi, yuko Njombe, bei imeshuka hadi 280,000, na picha ni zilezile nane, juu ya zulia lilelile la bluu.