Gari la kubebea farasi lililotumika: anza na sakafu, injini baadaye

Wanunuzi wengi wakifika kwenye gari la mtumba la kubebea farasi hukimbilia boneti. Mimi hulala chali chini ya gari. Injini ikizima njiani utakaa kando ya barabara ukimsubiri fundi, basi. Sakafu ikiachia, mguu wa farasi unashuka hadi kwenye lami huku gari likiendelea kwenda, na dereva huenda asijue mpaka asimame. Farasi wa kupanda ana kilo 450 hadi 600 juu ya kwato nne, na kwenye kona uzito huo hulalia upande mmoja.

Kwa hiyo nimezipanga aina nne za magari haya kwa swali moja tu: mtu asiye fundi anaweza kujikagulia kiasi gani kabla ya kutoa pesa?

Ya kwanza: trela la farasi wawili

Trela halina injini wala giaboksi, na karibu kila kitu chake kinaonekana, mradi ufunue. Toa mpira wote wa sakafuni, hata ule muuzaji anaodai umegundishwa. Akikukatalia, muage kwa heshima. Huyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Mkojo hupenya chini ya mpira na kutuama humo. Mbao huanza kuoza kwenye kingo na pale zinapokalia vyuma. Alumini nayo huliwa, ikaota unga mweupe na vishimo vidogo vidogo, kwa hiyo anayekuambia "hii haiozi" amesema nusu ya ukweli. Chukua bisibisi uichome sakafu juu, kisha uingie chini uichome tena. Mbao nzima huikataa bisibisi, iliyooza huimeza. Niliwahi kuonyeshwa trela lililong'aa kwa rangi mpya na plaiwudi mpya ndani. Nilipoingia chini nikakuta plaiwudi hiyo imelazwa tu juu ya mbao za zamani, nazo zilikuwa zikimeguka kwa kidole.

Ukiwa bado huko chini, gonga kwa nyundo ndogo vyuma vinavyobeba sakafu. Kutu ya juu juu si hoja. Kutu inayobanduka kwa magamba, na chuma kinachotoa sauti butu badala ya kulia, hiyo ndiyo hoja.

Tairi za trela huzeeka kabla hazijaisha meno, maana trela hukaa sana na kutembea kidogo. Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikipita miaka sita, hesabu bei ya tairi mpya hata kama zinaonekana nzuri. Kukaa huko huko ndiko kunakozigandisha breki. Piga jeki, zungusha kila gurudumu, sikiliza beringi. Kisha livute trela kilomita chache na upeleke mkono karibu na kila gurudumu: moja likiwa na joto kuliko mengine, breki imeshika au beringi inakufa. Tazama pia ule waya wa dharura unaovuta breki trela likichomoka. Mara nyingi umekatika, na hakuna anayekumbuka ulikatika lini.

Kabla hujatoka, simama mahali pa farasi na usukume kwa nguvu zote fito zinazomzuia farasi kifuani na nyuma, mwenzako akijaribu kuzifungua kutoka nje. Fito inayofunguka ikiwa huru tu haina faida siku farasi atakapokuwa ameilalia.

Udhaifu wa trela uko kwenye gari lako. Trela tupu la farasi wawili huwa na kilo 900 hadi 1,000 hivi. Likipakiwa farasi wawili linakaribia au kupita tani mbili. Uwezo wa gari kuvuta usome kwenye kitabu cha gari lenyewe. Muuzaji wa trela usimwulize.

Ya pili: lori lililoundwa kwa ajili ya farasi

Malori ya tani 7.5 (uzito wote pamoja na mzigo) hutulia barabarani, na farasi wengi husafiri humo bila fujo. Lakini sasa unanunua vitu viwili, sakafu na mashine, kwa hiyo kwa mashine nenda na fundi wa malori.

Muuzaji atajivunia kilomita chache, usishangilie bado. Lori lililolala miezi mingi huwa na oili iliyozeeka, mipira iliyopasuka, na nyaya zilizotafunwa na panya. Fika kabla halijawashwa uguse injini: ikiwa na joto, kuna mtu hakutaka uione ikiwaka baridi. Pembe za bodi zikague kwa pua na kwa kidole pia, maana maji yakishaingia paani mbao za ndani huoza taratibu nyuma ya karatasi safi ya ukuta. Hakiki mwenyewe kwanza kama leseni yako inakuruhusu kuendesha lori la uzito huo.

Ya tatu: vani ya tani 3.5

Hii ndiyo inayopendwa, huendeshwa kama gari dogo. Tatizo lake ni hesabu. Uzito wote unaoruhusiwa ni kilo 3,500. Tuseme ikiwa tupu ina 2,500: zimebaki 1,000. Farasi wawili wa kilo 500 wamezimaliza, na dereva bado hajapanda, wala maji, nyasi na matandiko. Ipitishe kwenye mizani ya magari tanki likiwa limejaa, usiamini karatasi ya tangazo. Kwa farasi mmoja mkubwa au wawili wadogo, ni gari zuri tu.

Tazama pia ukuta kati ya dereva na farasi, na kimo cha dari. Farasi asiyeweza kuinua kichwa hupoteza mizani.

Ya mwisho: gari la mizigo lililogeuzwa uani kuwa la farasi

Mimi silinunui. Hujui sakafu inabebwa na nini, moshi wa ekzosi huenda unaingia kwa farasi, na mara nyingi hati bado zinalitaja gari la zamani, jambo ambalo bima hulikumbuka siku ya ajali.

Lolote utakalochagua, linganisha nambari ya chesisi na hati kabla hata ya kutoa bisibisi mfukoni. Ukikuta imekwanguliwa au imechomelewa upya, huna haja ya kulala chini.