Unataka Kuwa Gemu Masta na Huna Hela? Tazama Boksi Hili Kwanza (Halafu Usilinunue?)

Haya wadau, mambo vipi, karibuni tena. Leo sizunguki, maana boksi lenyewe hili hapa mezani na mikono inaniwasha. Oneni. Dungeons & Dragons Essentials Kit. Lilitoka mwaka 2019, na bei yake huko kwao Marekani ilikuwa dola 24.99. Nimelipata juzi kwa mtu aliyetoka safari, na wale mnaoniandikia kila siku, "dada nataka kuendesha gemu la kuigiza mezani, nina elfu ishirini tu, nianzie wapi," hii ni ya kwenu. Kaeni hadi mwisho, kwa sababu elfu ishirini inatosha na inabaki.

Gemu lenyewe sielezi, mnalijua. Kwa mgeni aliyeingia leo: mmoja anasimulia dunia, wenzake wanaigiza watu waliomo, na pale ambapo haijulikani kama jambo litafanikiwa, dadu inaamua. Huyo msimuliaji ndiye gemu masta. Tumemaliza.

Ndani ya boksi kuna kijitabu cha sheria kurasa 64, kitabu cha kisa kurasa 64 nyingine, dadu 11, ramani kubwa ya kukunjua, makaratasi ya wahusika, na kadi za kuchana mwenyewe. Kadi nzuri, sina neno nazo. Kisha kuna hiki. Hiki ndicho kimenikera. Huu ni ukuta wa kusimamisha mbele ya gemu masta ili wachezaji wasichungulie. Oneni wembamba wake. Haya, nawasha feni, namba moja tu, wala si namba tatu. Ee! Umelala. Naunyanyua... umelala tena. Jamani, nchi yetu hii na joto hili, nani anacheza bila feni? Jalada la daftari kubwa la kaunta linasimama vizuri kuliko hiki kitu. Fungua daftari, lisimamishe kama hema, umemaliza, na siri zako ziko salama.

Sasa bei. Dola 25 ni kama elfu sitini na ushee za kwetu. Mkiona hivyo mnasema si mbaya. Ngojeni. Ukiagiza mwenyewe, weka usafiri, weka ushuru, weka na yule wa kukupigia simu kwamba mzigo umefika ila kuna hela kidogo imesalia. Inaweza kukaribia mara mbili. Ndiyo maana nawaambia, kama huna ndugu wa kukubebea kwenye begi, tulia kwanza.

Lakini kuna kitu humu, wadau, kitu kimoja, ambacho kimenifanya nilipende hili boksi pamoja na ukuta wake wa karatasi. Kamera njoo karibu. Hizi kadi. Huyu ni mhusika msaidizi. Boksi hili linakuruhusu kuendesha gemu hata kama una mchezaji mmoja tu. Mmoja! Yeye anacheza mhusika wake, na huyu wa kwenye kadi anatembea naye, anapigana naye, na anapanda daraja pamoja naye. Wasaidizi wako wa aina tatu: mpiganaji, fundi wa mambo ya ujanja ujanja, na mwenye uganga.

Kwa nini nashangilia hivi? Kwa sababu kinachomshinda gemu masta anayeanza siyo vitabu. Ni watu! Kupata watu wanne wazima, Jumamosi moja, saa moja, sehemu moja, hapa mjini? Mmoja yuko kwenye foleni, mwingine ana kikao cha harusi, wa tatu kasema "niko njiani" na ukisikiliza unasikia anaoga. Mchezaji mmoja unampata. Mimi ninaye, mdogo wangu huyu hapa, hataki kuonekana sura ila mkono ataonyesha. Punga mkono. Haya.

Tuonyeshe. Na tutaonyesha bila dadu za boksi, makusudi kabisa. Nina dadu ya ludo hii, ya kawaida, pande sita. Nina sarafu ya 100, upande mmoja Mwalimu, upande mwingine swala. Nina sarafu ya 500, upande mmoja Mzee Karume, upande mwingine nyati. Gemu hili linataka dadu ya pande 20. Hatuna. Tazama.

Rusha ludo na sarafu zote mbili kwa pamoja. Ludo ikionyesha sita, irushe upya, tunataka moja hadi tano tu. Swala akitokea, ongeza 5. Nyati akitokea, ongeza 10. Akitokea Mwalimu au Karume, huongezi kitu. Ya chini kabisa unapata 1, ya juu kabisa 5 na 5 na 10, ni 20. Na kila namba katikati ina nafasi ileile ya kutokea, hakuna upendeleo. Mkitaka kuhakikisha, chukueni kalamu, orodha ya namba zote haijazi hata nusu ukurasa.

Mdogo wangu ana mpiganaji wa daraja la kwanza, ana alama 12 za uhai. Mbele yake kuna manticore, simba mwenye mabawa na mkia wa miiba. Kinga yake ni 14, yaani ukifikisha namba hiyo au zaidi umempiga. Rusha. Ludo nne, Mwalimu, nyati. Kumi na nne! Anaongeza 5 yake ya upanga, 19, amempiga. Hongera. Sasa zamu ya mnyama. Anarusha miiba mitatu ya mkiani. Mmoja umekosa. Wa pili madhara 8. Wa tatu 9. Jumla 17, na yeye alikuwa na 12.

"Dada, nimekufa?"

Hujafa, umezimia. Na hapa ndipo mnapoona uzuri wake. Kwa mchezaji mmoja, gemu lingekuwa limekwisha, mnarudisha sarafu mfukoni mnaenda kula. Lakini ana msaidizi mganga pembeni yake. Zamu ya mganga: anamgusa, anamtibu. Tiba ni dadu ya pande nane, jumlisha 2. Pande nane unapataje? Ludo, ukirudia tano na sita, na swala safari hii anaongeza 4. Narusha... sita, rudia. Tatu. Swala! Tatu na nne saba, na mbili tisa. Simama mdogo wangu, una alama 9, upanga uko chini hapo miguuni, okota. Mmeuona uso wake? Hamjauona, amekataa kamera, lakini mimi nimeuona.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa nitajipinga. Huyo mganga niliyemtumia sasa hivi sikumtoa kwenye boksi. Nimemtoa kwenye hati ya bure. Januari 2023 wenye gemu, Wizards of the Coast, walitaka kubadilisha leseni yao ya zamani, ile inayowaruhusu wengine kutumia sheria zao, rasimu ikavuja, watu wakachachamaa dunia nzima, na mwezi huohuo kampuni ikarudi nyuma na kuziweka sheria za msingi chini ya leseni huria ya Creative Commons. Hati inaitwa SRD 5.1. Kurasa 403, unaipakua bila kulipa senti. Mwaka 2025 ikafuata 5.2. Kwa mfano wa leo tumieni 5.1, nendeni mwishoni kabisa kwenye orodha ya watu wa kawaida, mtafuteni anayeitwa Acolyte. Alama 9 za uhai, ana uganga wa Cure Wounds, yaani kutibu majeraha, mara tatu kwa siku akiamua kutumia nguvu zake zote hapo. Manticore naye yumo humohumo.

Kwa hiyo kile ninachokipenda kwenye boksi, nusu yake iko bure. Nusu, kwa sababu Acolyte hapandi daraja. Yuko vilevile kisa cha kwanza na cha kumi, na mhusika wako akikua utamwonea huruma. Msaidizi wa boksi anakua. Hiyo ndiyo elfu sitini yako ilipo. Mwanzoni nilitaka kuwaambia "nunueni." Sasa hivi, nikitazama hizi sarafu, nasema kama una mtu wa kukuletea, mwambie alete. Kama huna, usikope.

Na tafadhali, hiyo hati usiipeleke yote steshenari! Ukurasa mmoja shilingi 100, kurasa 403 ni 40,300, na wino wenyewe unaujua ulivyo. Soma kwenye simu. Printi karatasi za wahusika na ukurasa wa huyo Acolyte, basi.

Mtaniuliza kuhusu washindani, nawajua. Pathfinder wana Beginner Box yao ya 2020, kama dola 40, ina vibao vya kadi vya kusimamisha vya kila aina ya viumbe, na ukiniuliza kwa uzuri wa vitu vilivyomo, imeishinda hii waziwazi. Sheria zao zote pia ziko bure mtandaoni, kwenye tovuti ya Archives of Nethys. Ila hesabu ni nyingi, anayeanza zitamchosha. Kuna Cairn, ya bure kabisa, fupi, unaisoma kwenye daladala kutoka Mbezi hadi Posta na foleni inakubakizia muda wa kuirudia. Hiyo nitaifanyia video yake. Na Dungeons & Dragons wenyewe mwaka 2025 wametoa boksi jipya la wanaoanza, Heroes of the Borderlands, karibu dola 50. Limejaa kadi na vipande vya kuchezea, linapendeza, lakini ni mara mbili ya hili. Nikilipata nitalifungua hapa. Mwenye shangazi Marekani aniandikie.

Jambo la mwisho kuhusu kisa cha boksi. Yule manticore anaweza kuwa kazi ya kwanza kabisa ya wachezaji wako. Ana alama 68 za uhai, na mpiganaji wetu ana 12! Huo ni uonevu, na kitabu hakikupi onyo la kutosha. Lakini soma maelezo yake: anajua kusema. Ana njaa. Kwa hiyo, gemu masta, kabla hujarusha miiba, mfanye aseme. "Nani ameniletea nyama?" Sema kwa sauti nzito, ngoja kimya kidogo. Mchezaji atakutazama, atatazama karatasi yake, ataanza kubembeleza. Mdogo wangu alimwahidi mbuzi wawili. Mbuzi hana. Sasa tuna kisa cha kutafuta mbuzi, na hicho hakimo kwenye kitabu chochote.

Habari za chaneli: leseni ile inaruhusu kutafsiri mradi uwataje wenyewe. Ipo tayari kwa Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano na Kihispania, Kiswahili hakuna. Basi nimetafsiri karatasi ya mhusika na ukurasa wa Acolyte, nimeweka kiungo hapo chini, bure, chukueni. Mkiona neno halijakaa sawa niandikieni, msininunie kimyakimya. Nikipata maikrofoni nyingine, maana hii inavuma kama mnavyosikia, tutarekodi gemu zima, mimi na mdogo wangu na hao mbuzi. Gonga kengele uipate ikitoka. Niambieni na nyinyi mnatumia nini badala ya dadu, kuna mtu aliniambia kete za bao na bado sijaelewa anahesabuje. Ndugu yangu, kama unatazama, njoo ueleze.