Kifurushi cha sabuni ya maji lita 20 cha Kariakoo: nimepika mara tatu, haya ndo niliyoyaona

Wapendwa habari za leo. Hivi vifurushi vya malighafi za sabuni ya maji vinavyouzwa Kariakoo naulizwa sana na majirani na mashosti zangu, kwamba je ni kweli vinaokoa hela au ni maneno ya wauzaji tu. Sasa mimi tangu mwezi wa tatu mpaka leo nimepika mara tatu, zote kwa kifurushi cha duka lile lile moja, kwa hiyo naandika yote, mazuri na mabaya, ili anayetaka kwenda aende akijua.

Kifurushi chenyewe nakipa nyota tano. Duka lenyewe nyota tatu tu, na ntasema kwa nini.

Nyumbani kwetu Tabata tupo saba, na mdogo kabisa bado yupo kwenye nepi za kitambaa, mama mkwe naye anapenda deki ipigwe asubuhi na jioni, kwa hiyo sabuni kwetu haikai. Nilikuwa nanunua dumu la lita 5 kwa elfu 9, wiki mbili hazifiki limekwisha, tena mara nyingine unakuta sabuni yenyewe nyepesi kama maji ya kuoshea mchele, unamimina nusu kikombe ndo upate povu. Hiyo ndo ilinichosha nikasema ngoja nijaribu.

Duka lipo ndani ndani Kariakoo, upande wa mtaa wa Congo, dogo tu, madumu ya bluu yamepangwa mpaka juu na mizani ya kidijitali hapo mezani. Kaka anayeuza pale ana heshima, nilivyofika akanikaribisha vizuri, "karibu dada, ya kuuza au ya nyumbani?" nikamwambia ya nyumbani kaka, ndo kwanza naanza. Akanipimia mbele ya macho yangu, kila kitu kwenye mizani, hakuna kubabaishana. Shilingi elfu 23 nikapata salfoniki lita moja, slesi nusu kilo, soda ashi robo, kichupa cha glisirini, pafyumu ya limao, rangi ya kijani kwenye kikaratasi, na kichupa kidogo cha famalini ya kufanya isiharibike. Chumvi unanunua mwenyewe. Na karatasi moja ya maelekezo, imetolewa kopi mpaka maandishi yamefifia.

Kwa asiyejua, salfoniki ndo mama wa sabuni yenyewe, ni kitu kizito cha rangi ya kahawia iliyoiva kama asali nyeusi, na ni asidi, ukiigusa mkono mtupu inawasha. Slesi ni ile nyeupe nzito inayovutika kama ute, hiyo inaleta povu na ulaini. Soda ashi ndo inaivunja makali ile asidi. Ni ndugu yake yale magadi tunayopikia maharage, yale ya Ziwa Natron kwetu na Ziwa Magadi kule Kenya ambako kampuni ya soda ipo tangu 1911. Marehemu mama alikuwa analowekea mashuka meupe maji ya magadi, nilikuwa nashangaa magadi na mashuka wapi na wapi, kumbe ni kazi ile ile.

Mara ya kwanza nilifuata karatasi neno kwa neno. Karatasi inasema changanya salfoniki na slesi, ongeza maji lita 20 kidogo kidogo, mimina soda ashi uliyoiloweka, weka chumvi kilo moja, koroga, weka pafyumu na rangi, acha mpaka kesho. Basi. Nikakoroga kwenye ndoo ya plastiki na mwiko wa mti, usitumie sufuria ya alumini kabisa jamani, asidi inaila na soda inaila pia. Nilivyomimina soda ashi ikachemka povu kama soda iliyotikiswa, nikaogopa lakini hiyo ni kawaida, ni gesi inatoka asidi ikikutana na soda. Alafu nikamimina ile chumvi kilo moja yote kwa mkupuo kwa sababu karatasi imesema kilo moja.

Asubuhi nafungua ndoo nakuta maji ya kijani. Maji kabisa, yanamwagika tu. Na dada anayenisaidia kazi kuosha vyombo viwili tu akasema "anti, viganja vinaniwasha." Nilipoona vile viganja vyekundu niliumia sana, yule ni mtoto wa watu. Nikamnawisha maji mengi, nikampaka mafuta, nikaifunika ile ndoo nikaiweka juu ya kabati, na kila nikiitazama naona elfu 23 yangu imekaa pale.

Nilikuja kuokolewa na mama mmoja jirani, yeye alijifunza sabuni SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, miaka ya nyuma na mpaka leo anapika anauzia mama ntilie. Alikuja, akachovya kidole, akasema hii imezidi chumvi alafu soda haikutosha. Akanifundisha kitu ambacho kingeandikwa kwenye ile karatasi mstari mmoja tu watu wengi tungepona. Chumvi ndo inafanya sabuni iwe nzito, lakini ina kilele. Ukiongeza kidogo kidogo sabuni inazidi kuwa nzito, inazidi, inazidi, ukipita kile kilele inageuka inarudi kuwa maji, na hapo ukiongeza chumvi tena ndo unaiharibu zaidi. Na kilele hicho hakifanani kila siku, kinategemea slesi uliyopata na maji uliyotia, kwa hiyo kilo moja ya kwenye karatasi haina maana yoyote.

Habari ya kuwasha akasema dawa yake ni kupima, sio kubahatisha. Kuna zile karatasi za kupimia pH, yaani ukali wa asidi au wa soda, wengi tunaziita litmasi, unachovya, unalinganisha na rangi za kwenye boksi, unataka ije saba au nane hapo. Ikiwa chini bado ni asidi, unaongeza maji ya soda ashi kikombe, unakoroga, unapima tena. Ikipanda sana, kumi kwenda mbele, soda imezidi na hiyo nayo inakausha na kuwasha mikono. Na karatasi hizo, nilikuja kugundua, zinauzwa duka lile lile, elfu 3, zimewekwa kwenye droo ya chini. Hakuniambia. Hapo ndo nyota ya kwanza ilipodondoka.

Mara ya pili basi nikarudi, nikanunua kifurushi kingine na litmasi, nikapika kwa utaratibu. Hii ya pili ndo nataka niielezee vizuri maana ndo iliyonifanya niipende kazi hii. Nilichemsha maji usiku yakapoa, soda ashi nikailoweka peke yake tangu jioni mpaka ikayeyuka yote. Asubuhi nikavaa glavu, nikafungulia madirisha, watoto nikawatoa nje. Nilivyomaliza kutia soda nikapima ikaja tano, nikaongeza kikombe, sita, nikaongeza nusu kikombe, ikaja saba. Nikaishia hapo. Chumvi nikaiyeyusha kwenye jagi la maji, nikawa namimina kijiko kikubwa kimoja, nakoroga taratibu, nainua mwiko naangalia. Mwanzoni inadondoka matone kama maji. Kijiko cha sita hivi ikaanza kushika mwiko. Cha tisa ikawa inashuka kama uzi, haikatiki, inashuka kama uji wa mtoto unaoteleza kwenye kijiko. Nikaacha hapo hapo, jagi likabaki na chumvi zaidi ya nusu.

Alafu yule mama akaniambia lete ile ndoo ya kwanza iliyoharibika. Nikasema mama hiyo si ya kumwaga? Akasema usimwage hata tone. Tukapika kwanza nusu kifurushi kingine bila chumvi hata punje, tukaanza kuichanganya na ile iliyozidi, na soda tukarekebisha kwa litmasi mpaka saba, na mbele ya macho yangu ile maji ya kijani ikaanza kuwa nzito, kwa sababu chumvi iliyozidi huku inagawana na ile isiyo na chumvi kule. Nilifurahi kama nimeokota hela. Kwa hiyo wewe uliyeharibu kwa chumvi, usimwage, sabuni ipo, inasubiri mwenzake tu.

Povu likikaa juu usilihangaikie, ukilala ukiamka limeshuka lenyewe na sabuni imekuwa angavu, unaona mpaka kitako cha ndoo. Pafyumu weka mwisho kabisa. Glisirini mikono inashukuru. Famalini mimi sasa hivi siweki, harufu yake inachoma macho na ni kitu kinachohusishwa na kansa, kwa nini nikiweke kwenye ndoo ya vyombo vya wanangu, bora napika lita 10 kwa maji yaliyochemshwa tunazimaliza kabla hazijanuka. Ya wale wanaokaa na sabuni miezi sita ni habari nyingine.

Hela sasa. Kifurushi elfu 23, chumvi na nauli ya kwenda na kurudi weka elfu 2 na mia tano, jumla elfu 25 na mia tano kwa lita 20. Ningenunua madumu ni elfu 36. Naokoa elfu 10 na mia tano, ni kama kilo tatu za sukari, na sabuni yangu ni nzito kuliko ile ya dumu kwa hiyo inaenda siku nyingi zaidi. Sijatajirika lakini kwa mwanamke anayehesabu hela ya matumizi asubuhi hiyo ni hela ya kweli. Kama mpo wawili watatu na lita 5 inawatosha mwezi, kwa kweli usihangaike peke yako, tafuteni majirani wawili mchange kifurushi kimoja mgawane. Kuuza ni jambo jingine, ukitaka kuweka lebo uingize madukani inabidi uende TBS, shirika la viwango, upate alama ya ubora, usidanganywe na mtu.

Sasa jambo linaloniuma na hili naliandika kwa herufi kubwa moyoni. Salfoniki wanaipima kwenye CHUPA ZA MAJI YA KUNYWA zilizotumika. Haina jina, haina alama, kifuniko kile kile. Famalini vile vile, ni nyeupe kama maji na ipo kwenye kichupa cha maji kidogo. Mara ya kwanza nimefika nyumbani nimeweka mfuko mezani, nimeenda kuvua viatu, narudi mwanangu wa miaka minne kashika ile chupa ndogo anazungusha kifuniko. Mikono ilinitetemeka. Mtoto akiona chupa ya maji anajua ni maji, na mkubwa mwenye kiu usiku naye ni hivyo hivyo. Nilivyorudi nikamwambia yule kaka kwa upole, akaniomba radhi, akachukua kalamu akaandika SUMU kwa herufi kubwa, nikafurahi. Mara ya tatu nimeenda, chupa tupu tena, mpaka nikakumbusha. Hapo nyota ya pili ikaondoka na haitarudi mpaka wabadilishe. Kalamu na plasta ya karatasi havifiki elfu 2.

Pale pale wanauza na kifurushi cha dawa ya choo na cha dawa ya madoa. Cha choo alinishawishi sana, nikauliza ndani kuna nini, akasema asidi kali ya haidrokloriki. Nikakataa. Hiyo mvuke wake tu unachoma kifua, na kwenye nyumba zetu choo na jiko vimepakana. Alafu wengi wetu tunamwagia choo Jik, ikikutana na asidi ya namna ile inatoa gesi ya klorini, chooni hakuna hata dirisha la maana, mtu anaweza kudondoka humo humo. Hata siki na ndimu usichanganye na Jik. Dawa ya choo nanunua ya dukani yenye maelezo, Jik nanunua ya dukani, kuokoa hela kuna mipaka yake. Masufuria yaliyoungua nasugua kwa majivu na ndimu na dodoki kama zamani, hiyo hainigharimu kitu.

Mkienda, nendeni asubuhi kabla ya saa nne maana baadaye hapapitiki na yule kaka anakuwa na haraka hawezi kukuelekeza. Omba litmasi mwenyewe, ipo droo ya chini. Ile karatasi ya maelekezo chukua lakini kwenye chumvi piga mstari andika "kijiko kijiko, angalia mwiko". Na beba vyombo vyako kutoka nyumbani, madumu ya mafuta ya kula yaliyooshwa yakakauka, yenye kifuniko kinachokaza, umeshayaandika majina kabisa, mpe akupimie humo. Mimi yangu nimeandika kwa rangi nyekundu na yanakaa juu ya kabati la nguo, chumbani, sio jikoni.