Popo wa udongo: nimejifunza kufinyanga kwa bibi mmoja huku Pemba

Jamani nendeni ila msiende na haraka. Huyu bibi yuko nje kidogo ya Chake Chake, kazi yake khasa ni vyungu na vyetezo lakini ukimuomba anakufundisha na vijisanamu, mie nlitaka popo kama wale wetu wa Kidike, kwenye hifadhi ya popo huku Pemba. Elfu 15 somo na kuchomewa humo humo, wala sikuomba kupunguziwa.

Hana mashine, mikono tu na kipande cha kifuu cha kulainishia. Mbawa nlizibandika hivi hivi akanambia mwanangu hizo zitabanduka, akakwaruza kwa kijiti pande zote mbili akapaka uji wa udongo ndo akagandisha, na akanfanya nizikunje zimfunike popo mwenyewe mana zikitandazwa nyembamba hazifiki. Tumbo liwe tupu ndani na utoboe kitundu, mvuke ukikosa pa kutokea anapasuka motoni.

Lakini kubwa nlilolipata ni habari ya vijiwe. Mwaka jana nlinunua kasa wa udongo duka moja Mji Mkongwe, wiki ya pili kamenyuka mgongoni, katikati kidoa cheupe, nikajua nimemgonga mie. Kumbe kijiwe cha tumbawe kikibaki kwenye udongo kikiungua kinakuwa chokaa, ile ile tunayojengea, halafu baadae kinanyonya unyevu wa hewa kinavimba kinarusha kipande. Bibi udongo wake anautwanga anauchunga kwa chungio kama unga ndo anaurowesha, na chochote cheupe anakitoa kwa kucha, nimekaa namtizama tu mashaallah.

Kukausha ni kivulini, mie nlingoja siku 9, ndo akachoma kwa makumbi na makuti uwanjani. Rangi haitoki moja, kuna mabaka meusi moshi ulipokaa, na popo wangu kapata moja kichwani limempendeza kweli. Msimuoshe kwa kumrowesha, hana ule mng'aro wa vikombe vya dukani, ananyonya maji.

Kilichoniudhi ni kufungiwa gazeti moja tu, gari ya Wete na mashimo yale sikio likakatika njiani. Chukueni kanga kuukuu ya kufungia. Nlipompelekea bibi kanrudishia nusu ya pesa bila kumdai, na kanambia nimfinyange mwengine. Nshamfinyanga, yuko kivulini huko anakauka, Jumaamosi namfata.