Magitaa matano, maduka matatu na laki sita za mchezo

Gitaa la kwaya yetu lilikufa Jumatano, katikati ya mazoezi. Lilikuwa la nyuzi za nailoni, kijana mmoja akalifunga za chuma kwa sababu "zinalia zaidi". Likavumilia wiki mbili. Jioni hiyo nimeshika kodi ya G (kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja), nasikia kitu kinalia kama ubao unaopasuka, briji, kile kibao kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa, ikabanduka na kuja kunipiga kidevuni. Nyuzi sita za chuma zikikazwa sawasawa zinavuta kwa kama kilo 70, za nailoni karibu nusu ya hapo. Gundi ya watu ilikuwa imefanya kazi yake muda mrefu, tuisamehe.

Mwezi huo mchezo wetu wa kuchangiana pesa ulikuwa umeniangukia mimi, laki sita taslimu. Nikasema basi, sasa naacha kupiga gitaa la kuazima. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina vidole vifupi, Jumapili napiga kanisani na Ijumaa nawapigia watoto wa darasa la pili. Sikuwa natafuta gitaa la studio. Nilitaka kitu ambacho kodi ya F, ile ya kubana nyuzi kadhaa kwa kidole kimoja, haitaniliza.

Duka la kwanza lilikuwa Kariakoo. Magitaa yananing'inia mlangoni, jua la saa saba linayapiga usoni, mekundu, ya bluu, meusi yanayong'aa kama viatu vya bwana harusi. 150,000, na kava juu. Muuzaji akaniapia kuwa mbao ya mbele ni nzima, si ya kubandika matabaka. Nikamwomba tuangalie pamoja ukingo wa lile tundu la sauti. Mbao ikiwa nzima, mistari yake unaiona inashuka ukingoni bila kukatika. Hapa tulikuta matabaka matatu, safi kabisa, kama plaiwudi ya dari.

"Dada'angu, hiyo ndiyo staili yenyewe," akasema.

Nikatoa kadi zangu. Hii nilifundishwa na mzee wangu mmoja wa Temeke aliyepiga gitaa la ridhimu kwenye bendi za dansi miaka mingi, na ambaye hadi leo gitaa kavu, lisilo la umeme, analiita galatoni. Kadi ya benki ina unene usiofika milimita moja. Unazipanga tatu, unazipitisha chini ya uzi mnene kwenye freti ya 12 (freti ni vile vichuma vinavyokata shingo). Zikipita kwa kugusagusa, uko pazuri. Pale nilipitisha ya benki, ya NIDA, ya bima, ya maktaba, bado pana nafasi ya kupita kijiko. Ukibonyeza uzi ulio juu hivyo, vidole vinaumia na sauti inapanda kuliko inavyotakiwa. Na gitaa lililoanikwa juani na kwenye fukuto la Dar miezi yote hiyo, hata lingekuwa zuri kiwandani, mbao yake imeshavimba na kubinuka. Nikashukuru nikaondoka.

Duka la pili ni la mjini, lina kiyoyozi na kibao kinachosema usiguse bila ruhusa. Ruhusa ilichukua dakika ishirini. Muuzaji alitaka kwanza kujua kama nina hela, na hakuniuliza kwa maneno, aliniangalia viatu. Lakini magitaa yake yalikuwa ya kweli, hilo simnyimi.

Nilianza na Yamaha F310, 450,000. Mbao ya mbele ni ya kubandika, na Yamaha wenyewe hawafichi. Shingo nyembamba, uzi mfupi, milimita 634. Kadi tatu zikapita na ya nne ikakwama, kwa hiyo linarekebishika. Mlio wake mkavu kidogo, haukai hewani, lakini kila noti iko mahali pake. Mtu akiniambia ana laki tano na ndiyo kwanza anajifunza, nitamwambia achukue hili na asisikilize kelele za watu.

Kisha FG800, 850,000. Hapa mbele ni mbao nzima ya sprusi, na tofauti huhitaji kuelezwa. Nilipiga kodi ya E mara moja tu, nikaihisi mbavuni. Kwa mtu anayepiga kanisa kubwa bila maiki, ni hili. Shida ni mwili wake mpana: nikikaa kwenye kiti cha darasani mkono wa kulia unaning'inia kama nimembeba mtoto wa mtu mkubwa. Uzi wake nao ni wa milimita 650. Milimita 16 unaweza kuzicheka, ila kwa nyuzi zilezile na tyuni ileile mkazo unaongezeka kwa kama asilimia 5, na kidole kidogo cha kushoto kinazihesabu zote.

Fender CD-60S, 780,000, ndilo lililonichanganya. Nalo ni sprusi nzima mbele, mahogani ubavuni na mgongoni, na kingo za shingo zimelainishwa kiasi kwamba mkono unateleza kama kwenye sabuni. Ningelichukua. Nikafanya jaribio la mwisho: unapiga uzi mtupu, kisha uleule kwenye freti ya 12, ambayo ndiyo nusu ya urefu wa uzi. Noti lazima iwe ileile, juu zaidi. Programu ya kutyuni kwenye simu ikaonyesha uzi wa tatu umepanda. Pengine nyuzi zilikuwa kuukuu tu, zilikuwa na kutu ya kuonekana. Nikaomba wabadilishe nijaribu tena. Wakasema nyuzi mpya ni baada ya kulipia. Haya.

Duka la tatu ni dogo, ghorofani, ngazi zake hazina taa. Huko nilikwenda na mzee. Walikuwa na FS800, ambalo ni kama mdogo wake FG800: mbao ya mbele ileile nzima, mwili mdogo, uzi wa milimita 634. Walikuwa na FG800 pia. Mzee akaniambia, "Binti yangu, geuka uangalie ukuta." Akayapiga yote mawili, mapigo yaleyale ya dansi la zamani, akiyabadilisha bila kusema. Nikachagua la pili. Akarudia, nikachagua la kwanza. Mara zote mbili lilikuwa FS800. Besi yake ni ndogo, sikatai, ila sauti za juu zinasikika mojamoja, na mimi napiga kwa vidole zaidi kuliko kucharaza.

Bei 800,000. Mzee akazungumza nao habari za bendi nusu saa, tukashuka ngazi kwa 740,000 na seti moja ya nyuzi bure. Laki na arobaini iliyozidi nilikopa kwa dada yangu na bado ananidai.

Jambo moja lililonichoma njiani: mimi ni mzaliwa wa Nachingwea, mpingo wa kwetu kusini unasafiri hadi Ulaya kuwa klarineti, na kwenye maduka yote matatu sikukuta hata gitaa moja lenye kipande cha mbao ya Tanzania.

Nililipa 30,000 nyingine, mzee akakaza kidogo chuma cha ndani ya shingo kwa alenki na kusugua mfupa wa briji, ule unaoinua nyuzi. Sasa kadi tatu zinapita kwa kugusa. Kodi ya F inatoka. Tangu masika yaanze uzi wa sita unakwaruza asubuhi kwenye freti ya tatu, mchana unanyamaza. Mzee amesema nisiliguse hadi mvua ziishe, nilirudishe mwezi wa sita.